Call of Duty toleo baada ya toleo: maswali yanayoulizwa mara kwa mara na wachezaji wa Mtwara na Lindi

Kila ifikapo Oktoba, minada ya korosho inapoanza na pesa kurudi mtaani, toleo jipya la Call of Duty, gemu ya vita vya bunduki, nalo huwa njiani, na maswali yake yanaanza. Yanaulizwa kwenye banda letu la gemu hapa Mtwara mjini, yanakuja kwa WhatsApp kutoka Masasi, Newala na Lindi, na mengi yanafanana. Nimeyajibu hapa kwa pamoja.

Niseme mapema ninachokiamini, maana majibu mengi yanatokana nacho. Mfululizo huu una zaidi ya miaka 20 na umebadilika kwa mengi, lakini badiliko kubwa kuliko yote ni kwamba umehama kutoka kwenye diski ukaenda kwenye intaneti. Sisi tunaocheza kwa bando tunalihisi hilo kila siku. Kwa hiyo toleo jipya si lazima liwe toleo linalokufaa wewe.

Mfululizo huu ulianza vipi?

Call of Duty ya kwanza ilitoka Oktoba 2003, kwa kompyuta. Iliundwa na Infinity Ward, studio ya Marekani iliyoanzishwa 2002 na watu ambao wengi wao walikuwa wametoka kutengeneza Medal of Honor: Allied Assault. Kampuni iliyoiingiza sokoni ni Activision, na jina ni la kwake mpaka leo. Gemu ilihusu Vita Kuu ya Pili ya Dunia, na mchezaji alipigana kwa zamu kama askari wa Marekani, wa Uingereza na wa Kisovieti.

Gemu nyingi za bunduki kabla yake zilikufanya shujaa mmoja anayemaliza jeshi zima. Hapa ulikuwa na wenzako kushoto na kulia, wanapiga kelele, wanakuita, wanaanguka. Kuna misheni ya Stalingrad ambayo hata leo nikiiona inanisisimua: unavushwa mto Volga kwa mashua huku mabomu yanadondoka majini, unafika ng'ambo, unapanga foleni, na ikifika zamu yako unakabidhiwa risasi tu. Bunduki kapewa mwingine. Unapanda ule mlima mikono mitupu. Ukiuliza kwa nini watu waliipenda gemu hii tangu siku ya kwanza, mimi nawaonyesha hapo.

Kila mwaka linatoka toleo jipya. Mbona ladha zinatofautiana hivyo?

Kwa sababu wapishi ni tofauti. Tangu 2005 hakuna mwaka uliopita bila toleo kuu, na studio moja haiwezi kutengeneza gemu kubwa kila mwaka. Activision ikaanza kupokezana: Infinity Ward mwaka huu, Treyarch mwaka unaofuata. Mwaka 2014 ikaongezwa Sledgehammer Games, kila studio ikapata kama miaka mitatu ya kuandaa kazi yake.

Na kila moja ina mkono wake. Infinity Ward wanapenda uzito: bunduki inayopiga bega, hatua zinazosikika, ramani zenye pembe nyingi za kuvizia. Treyarch wanapenda kasi na rangi, ramani zao mara nyingi zina njia tatu zinazoeleweka, na mchezo wa zombi, yaani kupigana na wafu wanaotembea, ni mali yao. Sledgehammer wamepitia mengi, kuanzia mavazi ya kurukia mpaka kurudi Vita Kuu ya Pili.

Kuna jambo lilitokea 2010 ambalo wachezaji wengi wa sasa hawalijui. Mwezi Machi mwaka huo Activision iliwafukuza kazi Jason West na Vince Zampella, viongozi wa Infinity Ward, miezi michache tu baada ya Modern Warfare 2 kuuza vizuri mno. Wakaenda kuanzisha Respawn Entertainment, na wenzao wengi wakawafuata huko. Huko ndiko zilikotoka Titanfall na Apex Legends. Infinity Ward ilibaki na jina lakini watu wengi walikuwa wameondoka, na Modern Warfare 3 ya 2011 ilimaliziwa kwa msaada wa Sledgehammer. Kwa hiyo, ukishika kasha la gemu, usiishie kusoma jina kubwa la mbele. Geuza nyuma, tafuta studio. Siku hizi studio nyingi zinashirikiana katika toleo moja, lakini ile inayoongoza bado utaitambua ukicheza dakika chache.

Ni toleo lipi lililobadilisha kila kitu?

Call of Duty 4: Modern Warfare, Novemba 2007. Wachezaji wakubaliane au wasikubaliane kuhusu toleo wanalolipenda zaidi, hili hawana budi kulipa heshima yake.

Hatua moja ilikuwa imeshapigwa 2005. Katika toleo la kwanza ulikuwa na mstari wa afya. Ukipigwa unapungua, unatafuta kisanduku cha dawa. Call of Duty 2 ikauondoa. Ukipigwa, skrini inageuka nyekundu, unajificha, unapumua, unapona. Jambo dogo, lakini lilibadilisha mwendo wa gemu nzima: hakuna tena kurudi nyuma kutafuta dawa, unasonga mbele tu.

Kisha 2007 Infinity Ward wakaiacha Vita Kuu ya Pili na kuja kwenye vita vya leo. Kwa upande wa stori, walifanya kitu ambacho watu hawakukitegemea. Unacheza kama askari wa Marekani, bomu la nyuklia linalipuka, helikopta yako inaanguka. Unaamka. Unatambaa nje, moyo unasikika ukidunda, mbingu imekuwa ya rangi ya chungwa, majengo yamesimama nusu. Unajikokota hatua chache, halafu unakufa. Hakuna kitufe cha kujiokoa. Nimewaona vijana bandani wakibonyeza padi kwa nguvu wakidhani kuna kitu wamekikosea.

Kwa upande wa kucheza na wengine ndiko mageuzi yalikokuwa makubwa. Kabla ya hapo uliingia, ukachagua bunduki iliyopo, ukacheza, ukatoka kama ulivyoingia. Toleo hili likakupa ngazi za kupanda, kutoka 1 hadi 55, na kila unapopanda unafunguliwa bunduki au kifaa kipya. Ukifika 55 unaweza kukubali kurudi mwanzo na kupewa nembo ya heshima, ili kila anayekutana nawe aione. Likakuruhusu kujipangia mwenyewe silaha na uwezo wa ziada, kwa mfano kukimbia kwa muda mrefu au kutembea bila kusikika. Na likaleta zawadi za kuua mfululizo bila kufa: watu 3, unapata rada, 5, unaita ndege ya mabomu, 7, inakuja helikopta.

Mpangilio huo wa ngazi, kufungua na zawadi ndio ulioigwa na karibu kila gemu ya bunduki iliyofuata, na hata gemu nyingine zisizo za bunduki. Matoleo ya Call of Duty yenyewe yamekuwa yakiurekebisha tu. Modern Warfare 2 ya 2009 ikakuruhusu kuchagua zawadi zako, na ukiua 25 mfululizo unaweza kumaliza mechi nzima kwa bomu la nyuklia. Black Ops II ya 2012 ikaacha kuhesabu vichwa peke yake, ikahesabu pointi, ili hata anayelinda bendera apate zawadi. Toleo hilo hilo likaleta nafasi 10 za kujaza utakavyo: ukitaka bunduki yenye vifaa vingi, unapunguza kitu kingine. Kwangu mimi, hakuna utaratibu wa kupanga silaha uliowahi kuwa wa haki kuliko ule.

Ramani ya Nuketown naiona karibu kila mahali. Ni ile ile?

Ni ile ile, na ndiyo sababu ni darasa zuri la kuona gemu inavyobadilika. Ilianza katika Black Ops ya 2010. Ni kijiji cha maonyesho kilichojengwa ili kujaribia bomu la nyuklia: nyumba mbili za ghorofa zinatazamana, katikati kuna basi na lori, na sanamu za madukani zimesimamishwa kama wakazi. Mechi ikiisha, bomu linalipuka. Ramani ni ndogo kiasi kwamba ukitupa guruneti kwa jicho zuri mwanzoni mwa mechi, linaangukia upande wa adui kabla hajafika dirishani.

Sasa ifuatilie. Mwaka 2010 unapanda ngazi, unasimama dirishani ghorofani, unavizia aliye dirisha la ng'ambo. Basi na lori ni kinga. Anayetaka kupita katikati anajua anahatarisha roho. Mwaka 2012 imevalishwa sura ya nyumba za kisasa, lakini mapigano ni yale yale. Mwaka 2015, katika Black Ops III, mchezaji ana mtambo mgongoni na anaweza kukimbia ubavuni mwa ukuta. Lile dirisha lililokuwa ngome likawa mlango: mtu anaruka kutoka chini anakukuta humo humo. Anayevizia akakosa kazi. Mwaka 2018, Black Ops 4, miguu imerudi chini, kuna theluji, na kupona hakuji kwenyewe tena, unajichoma sindano kwa kubonyeza kitufe. Kwa hiyo ukimjeruhi mtu nyuma ya lori unajua kwa sekunde chache mkono wake hauko kwenye bunduki. Mwaka 2020 ikarudi tena katika Black Ops Cold War, na 2024 katika Black Ops 6, ambapo mchezaji anaweza kukimbia, kuteleza na kujirusha kuelekea upande wowote, hata kinyumenyume. Kona ya nyumba unaipita ukiwa umelala hewani, bunduki inamtazama aliye nyuma yako.

Kuta hazikuhama. Kilichobadilika ni mwili wa mchezaji, na mwili ukibadilika kila dirisha linapata maana mpya. Mtu akiniambia matoleo haya yote ni yale yale, namwekea Nuketown mbili, ya zamani na ya karibuni, acheze moja baada ya nyingine.

Kwa nini walienda kurukaruka na hata kufika anga za juu, kisha wakarudi?

Walihofia watu kuchoka. Advanced Warfare ya 2014 ilileta mavazi ya kuruka mara mbili, Black Ops III ya 2015 ikaongeza kukimbia ukutani, na Infinite Warfare ya 2016 ikapeleka vita nje ya dunia. Wengi walikuwa wamechoshwa na hayo kabla haijatoka. Video ya kuitangaza ilipata alama za kutopendwa zaidi ya milioni 3 kwenye YouTube. Mwaka 2017 Sledgehammer wakarudi Ulaya ya 1944 na buti ardhini.

Naomba nimtetee aliyepigwa mawe. Stori ya Infinite Warfare ni miongoni mwa zile zenye utu zaidi katika mfululizo mzima. Ni nahodha anayelazimika kuwatuma watu wake kwenye kifo, na gemu haimruhusu kulisahau hilo. Ukiipata kwa bei nafuu, ichukue.

Kuna Modern Warfare ngapi? Nimenunua diski, kumbe siyo niliyoitaka.

Kuna safu mbili. Ya kwanza ni ya 2007, 2009 na 2011, na namba zake zimeandikwa 2 na 3. Ya pili ni ya 2019, 2022 na 2023, na namba zake zimeandikwa kwa Kirumi: II na III. Mhusika Kapteni Price yumo kote, lakini stori ya safu ya pili imeanza upya. Si mwendelezo wa ile ya kwanza. Unaponunua Kariakoo kupitia mtu, mtumie picha ya kasha na mwambie mwaka. Usimtajie jina peke yake.

Nina PS3 au PS4, bando langu ni la kubahatisha, na tunataka kucheza wawili au zaidi kwenye TV moja. Nichukue lipi?

Hili ndilo swali ninalolipenda, kwa sababu jibu lake lipo na ni zuri.

Kwa PS3, chukua Black Ops II bila kufikiri mara mbili. Watu wanne wanacheza kwenye skrini moja bila intaneti kabisa, na mkiwa wachache mnaongeza wachezaji wa kompyuta na kuwapangia ugumu. Zombi nao wapo. Hapa bandani, siku za Idi na Krismasi, ndiyo inayoweka watu. Baada ya hiyo, Modern Warfare 2 ya 2009 ina misheni za kucheza wawili, kila moja fupi na yenye lengo lake: moja mnapenya kimya kimya, nyingine mmoja yuko juu kwenye ndege anamlinda kwa risasi mwenzake aliye chini. Modern Warfare 3 ya 2011 ina mchezo wa kuhimili mawimbi ya maadui kwa wawili. World at War ya 2008 mnaweza kuipiga karibu stori yote wawili.

Tahadhari moja kwa wenye PS3: Black Ops III ya mashine hiyo haina stori kabisa. Walishindwa kuiingiza kwenye mashine za zamani, wakabakiza mchezo wa wengi na zombi. Muuzaji hatakukumbusha.

Kwa PS4, Black Ops III ndiyo kamili: stori ya wawili kwa kuigawa skrini, zombi, na wachezaji wa kompyuta. Matoleo ya karibuni bado yana kugawa skrini kwa wawili sehemu fulani, lakini yanataka intaneti, na Warzone, ile Call of Duty ya bure ya mtandaoni, haigawi skrini kabisa.

Kama unacheza peke yako na unachotaka ni stori, karibu kila toleo la kabla ya 2018 litakutosha bila bando. Black Ops 4 ndiyo ya kuiepuka, haina stori ya mchezaji mmoja.

Diski nimenunua, mbona bado inataka kupakua GB nyingi?

Kwa sababu diski imekuwa ufunguo zaidi kuliko gemu. Modern Warfare II ya 2022 kwa PS5 ilikuja na diski yenye kama MB 70 tu. Gemu yote iliyobaki inapakuliwa. Na ukubwa wenyewe umepanda kupita kiasi: Modern Warfare ya 2019 pamoja na Warzone yake ilifika zaidi ya GB 200 kwenye kompyuta. Gawanya hizo kwa bando lako la mwezi uone.

Kuna sababu za kiufundi. Picha ni kali zaidi, sauti ni nyingi, na Warzone, iliyotoka Machi 2020 bila malipo, imeunganishwa na toleo kuu ili silaha ulizofungua huku uzikute kule. Kila msimu mpya unaleta apdeti. Anayeishi kwenye nyumba yenye intaneti ya waya haoni shida. Sisi tunaona.

Mei 2024 ilituonyesha wazi. Mvua na kimbunga Hidaya viliharibu barabara ya Kilwa, mabasi ya Dar yakakwama, na wiki ya pili ya mwezi huo nyaya za intaneti zilizo chini ya bahari zikakatika, nchi nzima ikalegea. Bandani kwetu gemu za mtandaoni zilikuwa zinazunguka tu kwenye skrini ya kusubiri. Black Ops II iliendelea kama kawaida, foleni ikafika barazani. Tangu hapo nimekataa kuuza diski za zamani, hata nikipewa bei nzuri.

Hili linazidi kwenda mbele. Stori ya Black Ops 7, iliyotoka Novemba 2025, inataka intaneti muda wote hata ukiicheza peke yako, na huwezi kuisimamisha ukaenda kufungua mlango. Kwa mahali ambapo umeme unaweza kwenda katikati ya misheni, nasikitika kusema, siwezi kumshauri mtu ainunue kwa ajili ya stori.

Kulipia kumebadilika vipi?

Zamani ulinunua diski, kisha ukauziwa ramani za ziada kwa mafungu. Modern Warfare 2 iliziuza dola 15 fungu moja. Ubaya wake ulikuwa huu: wewe una ramani, rafiki yako hana, mnatenganishwa. Mwaka 2014 yakaja masanduku ya bahati, unafungua hujui utapata nini, na kwa muda hata bunduki nzuri zilikuwa humo. Mwaka 2019 wakabadilisha. Ramani zikawa bure kwa wote, na pesa ikahamia kwenye tiketi ya msimu na mavazi. Huu ni utaratibu bora kuliko uliotangulia, kwa sababu aliyelipa hakuzidi kwa kuwa na uwanja wa kuchezea. Ila bei ya gemu yenyewe kwa mashine mpya ilipanda kutoka dola 60 hadi 70, na kwa shilingi zetu hiyo ni pesa ya kufikiria.

Ya kwenye simu ni Call of Duty halisi?

Ndiyo. Call of Duty: Mobile ilitoka Oktoba 2019, imetengenezwa na TiMi, studio ya Tencent ya China, na ndiyo mlango ambao vijana wengi wa Mtwara na Lindi wameingilia. Imekusanya ramani pendwa za matoleo ya zamani: Nuketown imo, Crash ya 2007 imo. Bure, na simu ya kawaida inaimudu.

Usiichanganye na Warzone Mobile. Hiyo ilitoka Machi 2024, ikataka simu nzito, na Mei 2025 ikaondolewa madukani.

Afrika imewahi kuonekana humo?

Imeonekana, na inafaa tuongee. Modern Warfare 3 ya 2011 ina misheni Sierra Leone na nyingine Bosaso, Somalia. Yenye uzito kwangu ni Black Ops II, inayofungua stori yake Angola, 1986. Unapigana bega kwa bega na Jonas Savimbi, kiongozi wa waasi wa UNITA, anaongoza mashambulizi kwa vifijo, na adui ni MPLA, chama kilichokuwa kikitawala Angola.

Kwa kijana wa Marekani hilo ni pambo la historia. Kwa mtu wa kusini mwa Tanzania ni jambo jingine. Nachingwea, Lindi, ndipo wapiganaji wa FRELIMO ya Msumbiji walipofunzwa wakati wa Samora Machel. Savimbi alisaidiwa na Marekani na utawala wa makaburu wa Afrika Kusini, wakati serikali yetu ilikuwa upande wa MPLA. Mzee mmoja aliyekuwa akimsubiri mjukuu wake bandani aliliona lile jina kwenye skrini akauliza, "Huyu wanampigania?" Tukaisimamisha gemu, tukakaa kumsikiliza. Nashauri kila anayeicheza misheni ile amtafute mzee wa kumsimulia upande wa pili.

Watoto wa Savimbi nao hawakufurahi. Mwaka 2016 waliishtaki Activision nchini Ufaransa, wakidai baba yao amechorwa kama mtu mkatili asiye na akili ya siasa. Kesi haikufaulu.

Mwanangu ana miaka 11. Nimruhusu?

Mama, au baba, hapana. Gemu nyingi kuu za mfululizo huu kwa Ulaya zimewekewa alama ya miaka 18, na Marekani 17, na alama hiyo ipo mbele ya kasha. Kuna damu, kuna mateso, na Modern Warfare 2 ya 2009 ina misheni ambayo unatembea na magaidi wanaoua raia kwenye uwanja wa ndege. Ni nzito kiasi kwamba gemu yenyewe inakuuliza mwanzoni kama unataka kuiruka. Mimi mtoto simkabidhi padi ya gemu hizi hata akija na pesa yake. Kuna mpira, kuna magari.

Na zombi walitoka wapi?

Treyarch, World at War, 2008. Ilikuwa nyongeza ya mwisho: nyumba moja mbovu, madirisha yenye mbao, mawimbi yasiyoisha. Unafunguliwa ukishamaliza stori. Watu waliipenda kupita matarajio, na sasa zombi wana stori yao yenye wahusika, miungu na dunia sambamba. Ramani za karibuni ni kubwa na zina mafumbo mengi. Kwa ladha yangu, ile nyumba mbovu bado haijapitwa.

Microsoft wamenunua. PlayStation itaachwa?

Hapana, si karibuni. Microsoft ilikamilisha ununuzi wa Activision Blizzard tarehe 13 Oktoba 2023 kwa karibu dola bilioni 69, na kabla ya hapo ilisaini na Sony makubaliano ya miaka 10 ya kuendelea kuleta Call of Duty kwenye PlayStation. Kilichobadilika ni kwamba Black Ops 6 ya 2024 wenye ngazi fulani za Game Pass, usajili wa gemu wa Microsoft, waliipata siku ile ile ilipotoka. Na Desemba 2025 Activision ilisema haitatoa tena Modern Warfare mbili au Black Ops mbili mfululizo kwa miaka inayofuatana.

Sijawahi kucheza hata moja. Nianzie wapi?

Anza na Modern Warfare ya 2007, au ile iliyosafishwa picha kama una PS4, kisha 2009 na 2011 kwa kufuatana. Hiyo ni stori moja, usiivuruge. Baadaye nenda upande wa Treyarch, ila usikimbilie Black Ops kwanza. Cheza World at War, ukutane na Viktor Reznov, askari wa Kisovieti, kwenye chemchemi ya Stalingrad, amelala katikati ya maiti akijifanya mmoja wao, akikunong'oneza usijongee. Ukimjua pale, Black Ops utaielewa kwa namna ambayo aliyeiruka World at War hawezi kuielewa.